Piano, besi na drams: makundi manne ya jazi ya leo, uanze na lipi?

Binti wa kaka yangu anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Jumapili moja jioni alikuja nyumbani akanikuta nimefungulia sabufa, piano inalia. Akakaa, akanyamaza kama dakika tatu hivi, kama mtu anayesubiri jambo. Mwishowe uvumilivu ukamwisha.

"Baba mdogo, mwimbaji anaingia saa ngapi?"

"Haingii."

"Haingii kabisa?"

Ndipo nikajua nina kazi. Kwetu neno jazi lina mwenyewe. Mtajie mzee yeyote wa Makole au Chang'ombe hapa Dodoma, atakwambia Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Western Jazz: magitaa yanajibizana, tarumbeta zinapokea, mtu anaimba na watu wako ukumbini wanacheza. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwekea piano isiyo na mwimbaji ukamwambia nayo ni jazi, anajiona kama aliyeagiza pilau akaletewa wali mweupe.

Hii ninayoizungumzia ni jazi ya watu watatu. Mmoja kwenye piano, mmoja kwenye besi kubwa ya mbao, ile inayosimamishwa chini na kumzidi mpigaji kimo, na mmoja kwenye drams. Muundo huu ni wa zamani sana Marekani. Kilichobadilika katika miaka thelathini hivi iliyopita ni kwamba watatu hawa wamefungua madirisha: roki imeingia, muziki wa kompyuta umeingia, hip hop, nyimbo za kanisani, hata tambiko.

Binti hakukata tamaa. Akatoa simu. "Haya, nitajie kundi moja la kuanzia. Moja tu, bando langu ni la wiki." Nikataja manne. Akaniangalia kwa lile jicho la kusema wazee hamna msaada. Nikamwahidi kuandika, na ndiyo haya.

Vipimo vyangu

Cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa, ni kilichochanganywa. Nimesikilizisha watu wengi muziki huu, na sijaona aliyeingia kwa mlango wa jazi. Watu huingia kwa mlango wa kile kitu kingine kilichochanganywa nayo, kama kitu hicho tayari kiko masikioni mwao. Aliyekulia kwenye kwaya ataisikia kwaya. Aliyekulia Mvumi, jirani na mpiga ilimba (ala ya Wagogo, nitaieleza mbele), atasikia kingine.

Cha pili ni mdundo: mguu unaushika au unapotea? Cha tatu ni kifaa na bando, kwa sababu muziki uliorekodiwa kwa uangalifu mkubwa unaweza kuharibiwa vibaya na spika ya simu. Cha nne kinawahusu wapiga ala peke yao: ukikaa na kundi hili mwezi mzima, mikono yako itapata nini?

Hakuna kipimo cha "nani mkali zaidi". Hao wanne wote ni mafundi, na kushindanisha mafundi ni kazi ya vijiweni.

Akina nani hawa

e.s.t., kifupi cha Esbjörn Svensson Trio, ni Waswidi: Esbjörn Svensson kwenye piano, Dan Berglund kwenye besi, Magnus Öström kwenye drams. Svensson na Öström walikuwa marafiki tangu utotoni. Walianza kupiga kama kundi mwaka 1993, na kufikia 2006 jarida la DownBeat la Marekani liliwaweka kwenye jalada lake, heshima ambayo kundi la jazi la Ulaya halikuwa limeipata. Tarehe 14 Juni 2008 Svensson alifariki katika ajali ya kupiga mbizi karibu na Stockholm, akiwa na miaka 44. Kundi likaishia hapo. Albamu za kukumbuka: From Gagarin's Point of View (1999), Seven Days of Falling (2003), Tuesday Wonderland (2006), na Live in Hamburg (2007), iliyorekodiwa jukwaani.

GoGo Penguin wanatoka Manchester, Uingereza. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2012. Ya pili, v2.0 (2014), iliwaingiza kwenye orodha ya wanaowania tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya Uingereza, na baada ya hapo wakasajiliwa na lebo ya Blue Note ya Marekani wakatoa Man Made Object (2016) na A Humdrum Star (2018). Chris Illingworth yuko kwenye piano, Nick Blacka kwenye besi. Drams zilikuwa za Rob Turner. Tangu mwishoni mwa 2021 ni Jon Scott.

Robert Glasper alizaliwa Houston, Texas, mwaka 1978. Hapa kuwa mwangalifu, kwa sababu ukiandika jina lake tu utaletewa Black Radio (2012), albamu iliyojaa waimbaji na iliyompa Grammy. Ni nzuri, lakini hilo ni kundi lake lingine. Watatu ninaowasema ni yeye, Vicente Archer kwenye besi na Damion Reid kwenye drams. Tafuta Canvas (2005), In My Element (2007) na Covered (2015).

Nduduzo Makhathini ni Mzulu wa Afrika Kusini, aliyezaliwa 1982. Mbali na piano, ni mganga wa jadi, na hafichi kwamba kwake kazi hizo mbili ni moja. Albamu zake nyingi zina watu wengi zaidi ya watatu. Ya watatu ni uNomkhubulwane (2024), akiwa na Zwelakhe-Duma Bell le Pere kwenye besi na Francisco Mela wa Cuba kwenye drams.

Mtu ataniuliza, mbona The Bad Plus wa Minneapolis hawamo? Nawapenda. Lakini walijulikana dunia nzima mwaka 2003 kwa kuvunja na kujenga upya nyimbo za roki, za Nirvana na wengine, na nusu ya raha ni kuujua wimbo wenyewe kabla haujavunjwa. Aliyekulia kwenye bongo fleva na kwaya hatacheka pale wanapochekesha. Halafu mwaka 2021 mpiga piano wao aliondoka.

Wamechanganya jazi na nini?

Nianze na e.s.t., maana hapa nina habari ndefu.

Svensson anapiga melodi ambazo ukizisikia mara mbili unaweza kuzipigia mluzi ukiwa kwenye bodaboda. Ni nyepesi, karibu na nyimbo za watoto. Kisha kinachotokea chini yake ndicho kinachoshangaza. Berglund anachukua upinde, anauburuta kwenye nyuzi za besi, sauti anaipitisha kwenye vifaa vya umeme, na besi ya mbao inaanza kunguruma kama gitaa la roki lililozidiwa. Svensson naye anaingiza mkono ndani ya piano, anagusa nyuzi zenyewe, anaweka vitu juu yake ili zitoe mlio wa kukwaruza.

Mara ya kwanza nilidhani spika yangu imekufa. Nikaigonga, nikachomoa waya nikarudisha. Baadaye kidogo nilikuwa Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, nimesimama karibu na mzee anayepiga ilimba, na nikasikia kitu kile kile. Ilimba, kwa asiyeijua, ni kasha la mbao lenye vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Lina tundu, na tundu lile fundi hulifunika kwa utando wa buibui, ili kila noti ikitoka itoke na mvumo, na kavumbi kake. Ukiondoa utando ule sauti inakuwa safi, na wenyewe wataona ilimba imepungukiwa. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyezungusha ilimba na zeze dunia nzima hadi kurekodi na lebo ya Real World ya Uingereza, hakuwahi kuomba radhi kwa mvumo ule. Kwa hiyo ukiwa mtu wa ilimba, Waswidi hawa watakuwa ndugu zako kabla hujajua jina la hata mmoja. Mimi niliwaelewa kwa njia hiyo, na sioni aibu kusema nilipita Chamwino kufika Stockholm.

GoGo Penguin wamechanganya jazi na muziki wa kompyuta, ule wa klabu za Uingereza, pamoja na mafunzo ya Illingworth ya muziki wa kizungu wa shule. Mara nyingi kipande huanzia kwenye programu ya kompyuta, ndipo wakae chini watafute namna mikono ya binadamu itakavyokipiga kwenye ala za kawaida. Matokeo yake ni vipande vidogo vya piano vinavyorudiwa na kurudiwa, huku drams zinakimbia. Nao wana undugu na ilimba, ila kwa upande mwingine: kile kirudio kinachozunguka hadi usijue kilianzia wapi. Na kijana wa singeli atajikuta nyumbani kwa sababu ya kasi, ingawa hawa wanaweka juu ya kasi ile piano ya taratibu, yenye majonzi kidogo.

Glasper ni kanisa na mtaa. Mama yake alikuwa mwimbaji wa injili, na yeye alianza kupiga piano kanisani akiwa mdogo. Juu ya hilo ameweka hip hop, hasa mkono wa J Dilla, mtayarishaji wa Detroit aliyefariki 2006. Kwenye In My Element kuna kipande cha kumkumbuka. Covered ilirekodiwa mbele ya watu waalikwa katika studio za Capitol, Hollywood, na ndani yake kuna nyimbo za Radiohead, Joni Mitchell, John Legend na Kendrick Lamar zilizogeuzwa kuwa za piano. Nilisema The Bad Plus wanahitaji uujue wimbo wa awali. Glasper haihitaji sana, kwa sababu anachokitafuta ni kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zilizo chini ya wimbo, na kodi zile ni za kanisani. Kwenye kile cha Kendrick sauti za watoto zinataja majina ya Wamarekani weusi waliouawa na polisi. Kisikilize ukiwa umetulia. Hakifai kuwekwa wakati watu wanakula.

Makhathini amechanganya jazi na ibada ya mababu. Jina uNomkhubulwane ni la mungu wa kike wa Wazulu, mwenye mvua na rutuba, na albamu imegawanywa sehemu tatu, ya kwanza ikiwa ni ya tambiko. Humo mwimbaji yupo, kwa namna yake: Makhathini mwenyewe hutoa sauti, anaita, anaomba, mara anaimba. Mtu wa Dodoma, anayeangalia mawingu kuanzia Novemba akijiuliza kama mwaka huu mtama utapona, hahitaji kueleweshwa kwa nini mtu aombe mvua kwa ngoma. Wazee wa Kigogo wamefanya hivyo siku zote. Maneno ni ya Kizulu lakini masikio ya Kibantu yatanyaka neno hapa na pale.

Mdundo: mguu unashika?

e.s.t. ndio rahisi kuliko wote. Öström mara nyingi anapiga mdundo ulionyooka, karibu na roki, na hata anapotumia brashi badala ya fimbo unajua moja, yaani pigo la kwanza la kuhesabu, iko wapi. Jaribu Dodge the Dodo kutoka albamu ya 1999. Binti aliposoma jina hilo alidhani ni habari ya maembe. Nikamwambia dodo huyo ni ndege aliyekwisha kutoweka duniani. Akasema afadhali ingekuwa embe.

GoGo Penguin wanashikika haraka na kuponyoka haraka. Unatikisa kichwa, unajiona umeshaelewa, mara hesabu imebadilika na kichwa chako kiko nje. Hilo kwangu ni raha. Kwa mtu anayetaka kucheza ni kero.

Glasper anahitaji maelezo. J Dilla alikuwa akigonga biti zake kwa vidole kwenye MPC, mashine ya kutengenezea biti, na mara nyingi hakuiruhusu mashine izinyooshe, kwa hiyo kiki (ngoma ya mguu) inawahi, snea (ngoma ndogo kali) inachelewa, na wimbo mzima unatembea kama mtu aliyeshiba. Reid anafanya hivyo kwa mikono na miguu, bila mashine. Ukizoea, midundo mingine yote utaiona imekakamaa kama suti mpya.

Naonya wapiga vinanda wenzangu. Baada ya wiki mbili za In My Element nilikwenda kanisani nikajaribu kuchelewesha kodi kidogo kwenye wimbo wa kutoa sadaka. Kidogo tu. Sauti ya kwanza wakaningoja, sauti ya tatu hawakuningoja, na kabla ya ubeti wa pili kwaya ilikuwa makundi mawili yanayoimba wimbo mmoja kwa nyakati tofauti. Mwalimu wa kwaya hakusimamisha ibada, aliniangalia tu. Mazoezi ya Jumatano ndipo aliponiuliza mbele ya wote kama Jumapili nilikuwa nimelala.

Makhathini: usitafute mguu. Mela anazipiga drams kama anavyomwaga mtu maji, zinapanda na kushuka, na kuna mahali moja haipo kabisa. Wengine huona hapa ndipo penye utamu wote. Binti wa kaka alidumu dakika sita.

Kifaa na bando

Uzi mzito kabisa wa besi ile kubwa, ukipigwa wazi, unatetema mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kuitoa sauti ya chini namna hiyo. Unachokisikia ni kivuli chake. Kwa muziki wenye ala tatu, hasara ya ala moja ni theluthi ya kundi.

Anayeumia zaidi ni GoGo Penguin. Blacka ndiye anayebeba nusu ya melodi, na kwenye simu unabaki na piano inayorudia jambo moja, halafu unasema ni muziki wa kuchosha. Wapigie kwenye sabufa au weka spika za masikioni za heshima, hata zile zinazouzwa mezani pale Jamatini zitafaa kuliko spika ya simu. e.s.t. wana bahati ya pekee: besi ya Berglund inapopitishwa kwenye umeme huzaa sauti za juu, kwa hiyo hata simu inaikamata. Tatizo lao ni upande wa pili. Wana sehemu za kimya, piano inanong'ona, na ukiwa kwenye bajaji hutasikia kitu, utadhani wimbo umeisha.

Glasper anavumilia kifaa chochote kwa sababu utamu mwingi uko katikati ya piano. Makhathini naye sauti yake inapita, ila mngurumo wa mkono wake wa kushoto, ambao ndio moyo wa jambo, unabaki ndani ya simu.

Bando sasa. Muziki unaotiririshwa kwa kilobiti 160 kwa sekunde unakula MB 72 kwa saa. Ukipandisha hadi 320, ni MB 144. Video inakula mara nyingi zaidi ya hapo, kwa hiyo kama shida ni bando, achana na kuangalia vidole vya mtu na sikiliza sauti tu. Vipande vya GoGo Penguin vingi ni vya dakika nne hadi sita, unaweza kuonja viwili ukaacha. e.s.t. wana vya namna hiyo na wana vingine vinavyopita dakika kumi. Makhathini ni wa kukaa naye tangu mwanzo hadi mwisho; kumkata vipande ni kama kutoka kanisani wakati wa mahubiri, kisha ukarudi kuuliza amesema nini.

Kwa anayepiga ala

Mpiga kinanda wa kanisani atapata zaidi kwa Glasper. Kodi anazozipitisha kati ya noti mbili za melodi zinaweza kuingia kwenye tenzi unazozijua tayari, mradi usiguse mdundo (nimeshasema). Ni ngumu. Mimi kodi nne za Canvas zilinichukua mwezi, na kinanda changu ni cha oktava tano tu, hivyo kuna mahali mkono wa kushoto unatafuta noti isiyokuwepo.

Kwa anayeanza kabisa, e.s.t. Melodi zao unaweza kuzitoa kwa sikio, kidole kimoja, jioni moja. Kuzipiga kama Svensson ni jambo jingine, lakini kuanza kunawezekana, na kuanza ndiko kunakokosekana kwa wengi.

GoGo Penguin wanafundisha mkono wa kushoto ustahimilivu. Kirudio kile kile dakika tano bila kukimbia wala kuchoka: jaribu uone mkono unavyouma. Mpiga drams atapata mengi zaidi kwao kuliko mpiga piano. Makhathini anafundisha kutulia kwenye noti nzito ya chini, kuigonga, kuiacha ilie, na kujenga juu yake bila haraka. Nilimwekea albamu yake mpiga ngoma mmoja wa muheme, ngoma ya Wagogo, ninayemfahamu. Piano hakuisema lolote, ila aliuliza huyo wa drams alifundishwa na nani.

Hali yako ndiyo itakayochagua

Uko kwenye kwaya, au unapiga kinanda, au masikio yako yamejaa nyimbo za injili tangu utoto: anza na Glasper, na uanze na Canvas kabla ya Covered. Kama ni kijana wa hip hop asiyejali kwaya, geuza, anza na Covered.

Unasoma usiku, unaandika ripoti, unahitaji kitu cha kukuendesha bila maneno ya kukukatiza: GoGo Penguin, v2.0, kwenye spika za masikioni. Wengi wa wanafunzi niliowapa wamebaki hapo. Lakini kama huna kifaa zaidi ya simu tupu, waache kwanza. Utawaonea.

Umekulia kwenye muziki wa Cigogo, unajua zeze na ilimba si vitu vya watalii: una njia mbili. Ukipenda ule mvumo, ule ukwaruzo, nenda e.s.t. Ukipenda zaidi kinachofanyika watu wanapokusanyika kwa sababu kubwa kuliko starehe, nenda kwa Makhathini, na umpe saa nzima, usiku, taa zikiwa zimepungua.

Unasafiri: e.s.t. kwa treni, bila kusita. SGR kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni chini ya saa nne, na hakuna kelele za injini za kuzima ile minong'ono ya piano. Pakua kabla hujatoka nyumbani, maana kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa mtandao unakatika. Kwa basi au bajaji, Glasper.

Unapenda kufuatilia kundi linalotoa kazi mpya, usubiri albamu, ubishane na wenzako: e.s.t. hawakufai, waliishia 2008, na zilizotoka baadaye zilikuwa zimerekodiwa kabla ya msiba. Wengine watatu wapo kazini.

Na kama una wageni wa umri wa baba yako, wale wa Mbaraka Mwinshehe, usiwawekee chochote katika hivi bila kuwaandaa. Waambie mapema mwimbaji haji. Nikijaribu kwao mimi huanza na melodi moja ya e.s.t. iliyo fupi, halafu naizima kabla hawajaniomba niizime.

Binti alichagua GoGo Penguin, kwa sababu ya jina, alisema. Wiki iliyofuata aliniandikia saa sita usiku akiuliza kama spika zangu kubwa za masikioni ninazitumia siku za kazi.